Taa ya Baraza la Bi Umi

Kama umewahi kukaa kwenye baraza la nyumba ya wageni pale Lindi mjini, jua likazama, ukashangaa mkungu uliokuwa mti tu mchana sasa umegeuka pambo, basi huenda ulikuwa umekalia kazi ya Huseni. Asubuhi aliwapandia watu miti, jioni akaiwekea taa, na maringo ya ufundi alikuwa nayo tele. "Taa haipachikwi juu ikamchoma mgeni macho," aliwasimanga mafundi wenzake. "Unaificha chini shinani, inapanda kwenye matawi, halafu nuru inamrudia mtu taratibu. Nyie mnawasha uwanja wa mpira!"

Kazi aliijua kweli, lakini mganga hajigangi. Kijijini kwao Nyangamara, mama yake, Bi Umi, alikuwa na baraza la udongo lisilo na mti wala taa. Mwaka mzima alimwomba mwanawe taa moja tu. "Inshallah mama, mwezi ujao," Huseni alijibu, na miezi ikapita, jamani, kama haina mwenyewe.

Siku Bi Umi alipofariki, Huseni alikuwa juu ya mkungu wa watu akifunga nyaya. Simu aliiacha kwenye shati alilolitundika chini. Aliisikia ikilia. Kwa mlio wake akajua ni dada yake, Esha, akadhani ni habari ile ile ya taa, akajisemea nitampigia nikishuka. Alishuka saa kumi. Maiti haingoji fundi. Mama alikuwa ameshazikwa baada ya adhuhuri. Alifika kwao giza limeshaingia, akalala mkekani na wanaume kwa jirani, na baada ya hitma ya siku ya tatu akapanda bodaboda kurudi mjini bila kumtazama Esha usoni. Aliona aibu, tena kubwa.

Wiki iliyofuata alikuwa akimalizia kazi kwa Theresia, mama mwenye mgahawa. Akaunganisha nyaya, mwarobaini ukawaka toka shinani hadi kileleni. Nyuma yake sauti ya kike ikauliza polepole, "Imewaka?"

"Imewaka, mama," akajibu, akageuka. Hapakuwa na mtu. Theresia alikuwa jikoni.

"Umeniita?" Huseni akauliza.

"Nikuite nina shida gani? Mafuta yananirukia hapa!"

Akacheka. Mara ya pili, kwenye baraza la Mzee Nikodemo, hakucheka. Sauti ile ile, karibu kabisa na sikio: "Imewaka?" Safari hii aliitambua, maana nani asiyeijua sauti ya aliyemzaa? Bisibisi ikamdondoka mkononi. Tangu hapo ikawa kila taa, kila baraza. Akaanza kukataa kazi. Usingizi ukamruka. Aliamini mama amekasirika kwa kuwa amewasha kwa watu wote akaacha kwao, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, asamehewe.

Siku ya arobaini akaenda Nyangamara na taa mbili za sola, zile zinazowaka zenyewe giza likianza kuingia, pamoja na mche wa mlangilangi. Esha alimkaribisha kikavu, akaingia ndani. Huseni akachukua jembe, akatafuta mahali pa kupanda. Pembeni mwa baraza udongo ulikuwa laini, kama umelimwa jana. Pazuri hapa, akasema. Akapiga jembe mara tatu.

"Huseni! Acha!" Esha alitoka mbio, ushungi umemwanguka. "Huo ufuo wa mama!"

Ufuo ni lile shimo linalopokea maji ya kuoshea maiti. Watu wa kule hawapitishi jembe juu ya ufuo wa mzazi wao, na hakuna anayehitaji kuonywa, kwa sababu kila aliyekuwepo msibani anajua ulipo.

"Ungekuwepo ungejua," Esha akasema.

Masikini Huseni! Alipiga magoti akaurudisha udongo kwa viganja, akilia kwa sauti, mwanaume mzima. "Ananifuata, Esha. Kila nikiwasha taa ananiuliza. Hajanisamehe."

"Anakuuliza nini?"

"Imewaka?"

Esha akakaa chini pale pale.

"Mama alikuwa haoni, Huseni. Tangu Ramadhani. Mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikupigia nikuambie, ukasema uko juu ya mti."

"Haoni? Sasa taa aliitakia nini?"

"Aliitaka kwa ajili yako. Alisema njia yetu ina giza, ukija jioni utaipita nyumba. Kila magharibi ananiuliza, 'Esha, taa ya Huseni imewaka?' Ningemjibu nini mgonjwa? Nikamwambia umeileta, imewaka. Miezi mitano anakaa hapa, uso ameugeuzia njiani, anakusubiri."

Huseni akainuka. Aliupanda mlangilangi upande wa pili, mbali na ufuo, akaificha taa moja shinani kama alivyozoea. Ya pili aliishika muda mrefu. Halafu, yule yule aliyewasimanga wenzake, akapanda juu ya stuli akaipachika kwenye boriti ya baraza, juu kabisa, ikielekea njiani, imchome macho yeyote anayekuja.

Magharibi taa zikawaka zenyewe. Mche mdogo ukatupa kivuli ukutani, na njia ikaonekana hadi kwenye mikorosho. Huseni akasimama kando ya ufuo, akiisubiri sauti. Esha akaswali, akamaliza, akatoka na mkeka. Bado kimya. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, hakuna aliyeuliza.

"Imewaka, mama," akasema hivyo hivyo.