Jinsi Nilivyoiua Pikipiki ya Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio na onyo. "Usiguse kitu chochote chenye waya," alisema Foman, Mwaustralia aliyesimamia gereji yetu ya Wetherill Park, Sydney. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nusu, likizo ya Krismasi imeanza, na mamangu, ambaye ni nesi, alikuwa ameapa kwamba sitashinda nimelala nyumbani hadi shule ifunguliwe. Leo nimestaafu. Bado niko shuleni, ndiyo, lakini nimestaafu, na nyinyi wadogo zangu mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, nitawaambia yote, hata pale ambapo huwa naruka.

Sydney haina theluji. Milima ya kusini inayo, na pikipiki za theluji, zile zenye skii mbili za kutelezea mbele na mkanda wa mpira nyuma badala ya magurudumu, zililetwa kwetu kila kiangazi kutengenezwa. Kichekesho ni kwamba injini yake hupozwa na theluji yenyewe: mkanda unairusha juu, inagonga mabomba ya maji chini ya kiti, maji yanapoa. Ukiiwasha Wetherill Park mwezi wa Januari, itajipika kama githeri. Kwa hiyo kila tulipotaka kuisikiliza injini, mtu alinunua mifuko ya barafu kwenye kituo cha petroli akaipanga kwenye yale mabomba. Mtu huyo nilikuwa mimi. Baada ya wiki mbili za ufagio nilipandishwa cheo: Afisa wa Barafu.

Cheo cha pili kilikuja kwa sababu ya Papa Furaha. Huyu alikuwa fundi kutoka Bukavu, mtu wa injini tangu ujana, na alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Mikono yake ilijua kila kitu. Kiingereza chake kilikuwa bado darasani. Foman akaniambia, "Kuanzia leo wewe ni mkalimani wake."

"Papa, hiyo Kiswahili yako imepakwa mayonnaise," nilimtania kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Na ya kwako iko na njaa, mutoto," akajibu bila kuinua kichwa.

Alinifundisha utaratibu. Kwanza laptop: unaichomeka, kompyuta ya injini inakupa namba ya hitilafu. Halafu unapima sensa, kile kihisio kinachoipa kompyuta habari, kwa mita, halafu waya wake, na kipuri kipya kinanunuliwa mwisho kabisa. Sensa ya joto la maji ni rahisi: injini ikipata joto, ukinzani wa umeme ndani yake unashuka, na kompyuta inasoma hapo. Ili kujua kama waya ni mzima, Papa alitoa sensa na kuchomeka rezista mahali pake, kale kakijiti kadogo kenye mistari ya rangi. "Ona. Sasa kompyuta anazania injini iko baridi, ata kama inaungua. Ni ya kupima tu. Ukimaliza, unatosha."

Kwao "kutosha" ni kutoa. Nilisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa moja wote walienda kula. Nilitaka video ya kuwatumia washkaji: mimi juu ya pikipiki ya theluji, napiga resi, moshi umejaa gereji. Lakini bila barafu, kila nikibonyeza mafuta injini inapata joto, taa nyekundu inawaka na kompyuta inakata nguvu. Basi nikachomoa sensa, nikachomeka rezista. Taa ikazimika. Nikapata sekunde arobaini tamu sana, nikazituma, nikaketi kwenye tairi nikisoma vicheko vyao. Rezista nikaiacha palepale.

Pikipiki hiyo ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: ilikohoa tu ikifika digrii sitini. Baada ya chakula Papa akaiwasha, akapiga magoti kando yake, jicho kwenye laptop, akisubiri sitini. Namba ikakaa ishirini na tano. Mimi nilikuwa nimeweka nusu mfuko wa barafu, kwa uvivu.

"Leo umeweka barafu muzuri sana, mutoto," akasema. "Angalia, haipandi. Unakuwa fundi."

Hapo nikaikumbuka rezista. Mdomo ulikuwa wangu, ungefunguka tu. Lakini ningemweleza video? Nikajiambia dakika moja, acha asifu kidogo. Injini ikapiga kelele kali kama bati linalokatwa, kisha kimya. Pistoni ilikuwa imenata ndani ya silinda. Papa alipokimbia kumwita Foman, nilichomoa rezista, nikarudisha sensa.

Foman alivuta kamba ya kuwashia. Haikusogea. "Muulize imekuwaje."

Papa alinigeukia, jasho linamtoka. "Mwambie namba ilibakia ishirini na tano mpaka mwisho. Mwambie apime ile sensa na waya yake, ata sasa. Minaomba apime."

Nikamwambia Foman, "He forgot to ask for more ice," yaani alisahau kuagiza barafu zaidi; nusu mfuko wangu ulikuwa umeshayeyuka.

Foman alitikisa kichwa. Alisema anamshukuru kwa kazi yake, ila Jumatatu asije. Hiyo nilitafsiri neno kwa neno. Papa alinitazama, akampa Foman mkono, akachukua sanduku lake la chakula.

Nilivumilia siku tano, kisha nikamwambia Foman kila kitu, nikamwonyesha na ile video. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. "Mwite. Utamwambia mbele yangu."

Papa alikuja na bintiye Furaha, wa miaka kumi. Nilipofungua mdomo, Papa akainua mkono. "Huyu atasema." Foman akaeleza yote, msichana akamtafsiria baba yake, akamsikiliza, akamgeukia Foman kwa Kiingereza cha shule safi kabisa. Mimi nilisimama kando, nikisikia kila neno mara mbili.

"Baba anasema alilijua hilo neno forgot. Walifundishwa wiki ya kwanza ya darasa la Kiingereza."

"Muulize kwa nini hakusema," Foman akasema.

Furaha akauliza. Papa akajibu polepole, na msichana akafikiri kabla ya kutafsiri. "Anasema angesema na mdomo gani? Mdomo wake ulikuwa huyu."

Foman aliomba msamaha, akamrudishia kazi. Papa akakubali, kwa sharti moja, na hilo pia lilipitia kwa Furaha: mimi nisisimame tena karibu na mashine yake. Ndivyo nilivyostaafu, mwisho wa Januari, bila keki.

Mnaniuliza kama naweza bado kupima sensa. Naweza. Huwa namwona Papa Furaha kanisani Macquarie Fields. Hunipa mkono kama anavyowapa watoto wote, na huniuliza habari za shule. Ananiuliza kwa Kiingereza. Anatafuta maneno mojamoja, pengine anakwama katikati, ananifanya ningoje. Najua neno analolitafuta, na sithubutu kumpa.