Kompyuta Iliyosahau Ziwa

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya hali ya hewa hapa Mwanza, nyuma ya mama mmoja mwanika dagaa kutoka Kigongo. Mvua ilikuwa imemharibia mzigo mara mbili.

"Shikamoo mama," alisema mtaalamu.

"Marahaba baba. Nimekuja kuuliza tu, kesho nianike?"

Mtaalamu akamtandazia picha iliyopigwa na setilaiti alasiri ya jana yake. Mawingu meupe yalikuwa yamelizunguka ziwa kama ngata, katikati maji matupu, meusi. Mama akayafuata kwa kidole.

"Mchana ziwa linayafukuza mawingu hadi nchi kavu. Usiku linayaita. Mama yangu alinifundisha hivyo, na hakuwahi kupanda juu kuliko mwamba wa kuanikia."

Mtaalamu akakuna kichwa. Akasema kompyuta za ng'ambo zinazopiga hesabu za mvua ya ukanda wetu zilikuwa zikikosea kila mara upande huu. Kumbe ramani zilizopewa hazikuwa na ziwa. Mahali pake wataalamu wa huko waliweka nyasi. Walipolirudisha, hesabu za mvua zikakaa sawa.

Mama akashika mdomo. "Ziwa lote hili? Walilisahau?"

"Walilisahau, mama. Kesho anika, ila anua kabla ya giza."

Mama akachungulia dirishani, kama anayehakikisha maji bado yapo.

Mimi nimeoga ziwa hili na kulinywa tangu utotoni, nikidhani mvua yetu hutoka mbali. Jioni nilipita ufukweni, nikaangalia huku na huku kama kuna mtu, kisha nikaliamkia: shikamoo.