Machela Iliyokaa Nyumba ya Heshima

Nilitoka Tanga kwa sababu mbili, moja niliipenda na nyingine sikuipenda. Niliyoipenda ni kufundisha. Mimi ni muuguzi, na siku hizi nazunguka mikoani kuwafundisha watumishi wa afya na wanafunzi wa vyuo namna ya kubuni vitu vya kuwasaidia wagonjwa wao wenyewe, badala ya kukaa wakisubiri kila kitu kiletwe na watu wengine. Ile ya pili ilinikaa rohoni. Katika mafunzo ya mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa utabibu aitwaye Lusajo na muuguzi wa zahanati, Sista Edina, walitengeneza machela ya magurudumu ya baiskeli, ya kuwashusha wajawazito kutoka milimani Mbebe mpaka mahali gari linapoweza kufika. Ukumbini ilishangiliwa. Ilipofika Mbebe haikubeba mtu hata mmoja. Wafadhili wakachoka, wakaniambia nikiwa huko nipande nikaitazame, na nikiona haina kazi niihamishie kata nyingine. Yaani nikawe hakimu wa kitu nilichokipigia makofi mwenyewe.

Kutoka Mbeya basi lilipanda taratibu, na tulipofika Nanyala nilikuwa nimeshajifunga khanga zote mbili mabegani juu ya sweta. Mtu wa pwani kwenye ile baridi hana heshima. Mama niliyekaa naye kiti kimoja, mwenyeji wa Ihanda, alinitazama kwa huruma.

"Mama, hii bado siyo baridi," akasema. "Unakwenda wapi?"

"Tunduma. Halafu Mbebe, huko Ileje."

"Aa, Ileje! Sasa huko ndiyo utaiona."

Alishuka kwao akanitakia safari njema, nami nikabaki kuhesabu kahawa mashambani ili nisahau vidole vya miguu.

Tunduma nilipokewa na Mwanahamisi, tuliyesoma naye Tanga, ambaye aliolewa na dereva wa malori na sasa ana duka la vitenge karibu na mpaka. Mji ule umejaa malori yaliyopanga foleni yakingoja kuvuka, na katikati yake watu wanauziana kila kitu. Nilimkuta akimsalimia kwa Kibemba mama mmoja wa Kizambia, mteja wake, "Mulishani, ba mayo!" kama aliyezaliwa ng'ambo, kisha akanigeukia mimi kwa Kitanga chake kilekile. Aliposikia ninakopanda alifungua kabati, akanitolea blanketi zito, jipya, la rangi ya maziwa.

"Hili silitaki kulisikia limepotea," akasema. "Nakujua wewe na mikono yako ya kugawa."

Mafunzo tuliyafanyia kwenye ukumbi wa kituo cha afya. Waliokuja walikuwa wauguzi, matabibu na wanafunzi, wengi wakiwa na kalamu tayari wakidhani nitawasomea maelezo. Mimi siku ya kwanza sifundishi. Nawaambia wachague mgonjwa mmoja wanayemjua, kisha watembee kama yeye kuanzia getini. Kijana mmoja mnene alichagua kuwa bibi mwenye magoti mabovu. Akachechemea, sisi tukicheka, mpaka akafika dirisha la kuandikishia na kukuta liko juu ya ngazi ambazo yeye mwenyewe huzipanda kila siku bila kuziona. Kicheko kikakatika. Wazo la kwanza la wiki ile lilizaliwa pale pale, la kushusha meza ya kuandikishia chini kivulini, na wala halikuhitaji mfadhili.

Lusajo alikuwa nyuma ya wote. Wakati wa chai akanifuata.

"Madamu, mkiichukua ile machela, mimi nyumbani nitarudi na sura gani?"

Nikamwambia sijaamua lolote.

"Niliitengeneza kwa sababu ya shemeji yangu, Atupele, mke wa kaka. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia njiani, wamembeba kwenye kiti cha mbao, mvua inanyesha. Sasa ana nyingine, na wakati wowote atajifungua. Machela ipo nyumbani kwa baba, hatua chache tu kutoka kwake. Nimemsihi. Ananiambia tu, 'Nimesikia shemeji,' basi."

Kijana wa watu macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia tutapanda pamoja tukaione.

Asubuhi iliyofuata kumalizika kwa mafunzo tuliondoka pamoja kuelekea Ileje. Gari lilituacha pale lami na njia ya gari vilipoishia, tukapanda kwa miguu ndani ya ukungu, mimi nikiwa nimejivika blanketi la Mwanahamisi kama joho. Njia ni nyembamba, upande mmoja mteremko, upande mwingine majani marefu na vichaka. Kila baada ya mwendo kidogo niliona vinjia vifupi vimechepuka na kuingia kichakani, kisha vikaishia hapo hapo. Nikamuuliza Lusajo ni vya nini.

"Vya watu tu, Madamu," akajibu akiendelea kupanda. Mimi nikadhani ni vya mbuzi.

Zahanati tulimkuta Sista Edina. Ni mwanamke wa Kinyiha kutoka Mbozi, mchapakazi, anayeongea upesi kama anayekimbizana na foleni. Yeye na Lusajo walinieleza kwamba machela ilipoletwa waliitisha kikao na wazee, wakauliza ni nyumba gani yenye mtu mwaminifu wa kuitunza. Wote walimtaja Mzee Ambakisye, baba yake Lusajo. Nyumba yake iko njiani, na kila anayeshuka mlima lazima apite mbele yake.

Mzee mwenyewe alitupokea kwa furaha kubwa. Machela ilikuwa barazani, inang'aa, magurudumu yamepakwa mafuta, turubai lake limefutwa vumbi.

"Naitunza kama mtoto," akasema. "Mchana nikitoka shamba najinyoosha hapo kidogo, kuku wasije wakaipanda. Imara sana! Huyu kijana ana mikono."

Tulicheka wote. Edina akacheka, Lusajo akainama kwa haya ya kusifiwa, nami nikaandika moyoni kwamba mtunzaji hana kosa. Tatizo ningelitafuta kwingine.

Mchana nilimwomba Edina awaite akina mama vijana, nikawaambia tufanye kama tulivyofanya Tunduma. Atupele alikuja, tumbo limeshuka, mpole, anaongea kwa sauti ndogo. Yeye nilimkatalia kuigiza, hali yake ilitosha. Jirani yake, ambaye mumewe ni mtoto wa mdogo wake Mzee Ambakisye, akajitolea. Akashika kiuno, akaanza kulia uchungu wa uongo, wenzake wakamshika huku na huku wakifa kwa kicheko. Tukatoka nyumbani kwake tukifuata njia kwenda kuichukua machela.

Tulipofika kona ya mwisho, nyumba ya mzee ikaonekana, naye mwenyewe amekaa mlangoni anachonga mpini. Yule mama akaacha kulia. Akavuta khanga kichwani, akachepuka kwenye kimoja cha vile vinjia, akachuchumaa kichakani ametupa mgongo. Nyuma yake Atupele, na nyuma yao karibu wanawake wote vijana, kila mmoja akaingia. Kufumba na kufumbua njiani tulibaki mimi, Edina na Lusajo.

Lusajo alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Jikoni kwake, Mama Lusajo ndiye aliyetueleza, akigeuza ugali bila haraka.

"Huku kwetu mkwe haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Chombo chake hagusi, kiti chake hakalii. Wengine siku hizi wameacha, lakini mlima huu bado. Na wale wote walioolewa na watoto wa ndugu zake ni wakwe zake. Sasa mnataka akalale alipolala yeye? Hata mtoto mwenyewe atakataa kutoka!"

Edina hakucheka. "Mama, mbona hukusema mwaka mzima?"

"Uliniuliza, mwanangu? Mlikaa na wazee, mkauliza mwaminifu ni nani. Mwaminifu ni yeye. Hawakusema uongo."

"Lakini mama, nilidhani mambo haya yamekwisha," Lusajo akasema.

"Kwako yamekwisha. Wewe si mkwe wa mtu hapa."

Niliona aibu, na niseme wazi ilikuwa aibu yangu pia. Ukumbini tuliuliza machela itabeba uzito gani, itapita njia ya upana gani, itapigwa breki vipi. Tulimuuliza kila mtu isipokuwa atakayelala juu yake. Halafu ikabaki kazi ngumu kuliko zote, ya kumweleza mzee. Wakwe hawawezi kumwambia. Edina ni mgeni. Mimi ndiyo kabisa. Mama Lusajo akasema aliyeileta ndiye aseme. Lusajo akanywa maji, akaenda.

Nilisimama uani, nikawaona wamekaa pamoja barazani, kijana anaongea na kutazama chini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaipapasa ile machela kwa kiganja, na maneno yake nikayasikia vizuri.

"Kwa hiyo muda wote huu nimelalia dawa ya watu."

Akaingia ndani, na chakula chake kikarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Alfajiri tuliamshwa na mume wa Atupele akigonga dirisha la zahanati, nilikolala na Edina. Uchungu umeanza, na safari hii wa kweli. Tulikwenda kwake mbio, Edina akampima, akatoka nje na uso uliobadilika.

"Mtoto amekaa vibaya. Hapa siwezi. Lazima ashuke."

Machela bado ilikuwa barazani kwa mzee. Tulikuwa tumepanga kuihamishia kanisani mchana ule na kuishonea turubai jipya. Mama Lusajo hakungoja mipango. Aliagiza turubai la jirani la kuanikia maharage, akalifungua lile la zamani kwa kisu, akalifunga jipya kwa kamba huku Lusajo akishikilia vyuma. Kisha akasimama, akatazama huku na huku.

"Kitu cha kutandika. Kisiwe cha nyumba hii."

Nilivua blanketi la Mwanahamisi mabegani mwangu nikampa.

Tukaisukuma mpaka mlangoni kwa Atupele, naye akalazwa. Akashika kingo, akafumba macho, wanaume wawili wakaanza kusukuma, sisi nyuma. Hazikupita hatua nyingi msafara ukasimama ghafla. Mbele yetu, kwenye njia ileile nyembamba, Mzee Ambakisye alikuwa anapanda na ndoo ya maji. Alikuwa amekwenda kisimani asubuhi na mapema, nadhani ili asituone. Atupele alimwona. Akaanza kujiinua kwa kiwiko, na hali yake ile, anatafuta pa kushukia.

"Lala!" Edina akamkemea. Hakulala. Alikuwa analia, mkono mmoja umeshavuta khanga usoni, mguu mmoja nje ya machela. Hakuna aliyejua la kufanya, na mimi mwalimu wa ubunifu nilisimama kama mti.

Mzee aliweka ndoo chini. Akavua kofia. Akaacha njia, akaingia kwenye majani marefu yaliyolowa umande mpaka kifuani, akaenda mbali kidogo na kutupa mgongo. Nilimwona ameinamisha kichwa, mvi zake zimeshika maji.

Lusajo ndiye aliyesema, kwa sauti iliyokatika, "Sukumeni."

Magurudumu yakalia, tukapita. Nilipogeuka tukiwa mbali, mzee alikuwa bado amesimama vilevile.

Barabarani gari lilikuwa linangoja. Mchana, katika kituo cha afya, Atupele alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kike aliyepiga kelele za kuiamsha wodi nzima. Edina alikaa chini kwenye sakafu ya korido akalia bila kujificha, nami nikakaa naye. Wafadhili niliwapigia simu hapo hapo, nikawaambia machela haihamishwi, itahama baraza tu.

Nilirudi Tunduma bila blanketi. Mwanahamisi alinitazama mabega, akatikisa kichwa. "Nilijua," akasema. Nilipomaliza kumsimulia aliingia dukani akarudi na kitenge, akaniambia nimpelekee mtoto. Nilimpa Lusajo, aliyenisindikiza mpaka Tunduma, akipeleke yeye, kwa sababu basi langu lilikuwa linaondoka.

Sasa nikifundisha, bado nawaambia watu watembee kama mgonjwa. Nimeongeza neno moja: tembeeni njia yenyewe, siyo ukumbini, na mkiona kinjia kinachoishia kichakani msidhani ni cha mbuzi. Kuna mtu amekikanyaga miaka mingi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Juzi Lusajo alinitumia picha kwa simu. Nilidhani ni ya mtoto. Ilikuwa picha ya njia ya Mbebe, pale karibu na nyumba yao. Pembeni, vile vinjia vya wanawake vimeanza kuota majani. Ng'ambo yake kuna kimoja kipya, kimefyekwa vizuri, kipana kutosha mabega ya mtu mzima, kinaingia kichakani na kuishia hapo.

Chini yake Lusajo ameandika: "Baba amejifyekea cha kwake."