Ukuta wa Mama Mkwe

Mimi ni mfupi, na nina hasira za karibu. Nayasema haya mapema kwa sababu yote niliyoyafanya kwenye uwanja ule wa mpira wa kikapu yalitokana na mambo hayo mawili, na nisingependa msomaji aje kuyagundua mwenyewe halafu anione mjanja kuliko nilivyokuwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi, upande wa Nsemulwa. Mpanda ilikuwa bado chini ya Rukwa, na ukitaja Katavi watu wanafikiria viboko wa mbugani. Uwanja wa kikapu wa maana ulikuwa mmoja tu, wa sementi, nyuma ya kanisa. Ringi yake ya upande wa barabarani ilikuwa imeinama, maana karani wa stesheni aliwahi kuning'inia pale kuwaonyesha wasichana kwamba anafika. Alifika, ila ringi haikurudi mahali pake tena.

Huyo karani na wanaume wenzake ndio walikuwa wenye uwanja. Walicheza kila jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Sisi wanawake tulikuwa saba, wauguzi, walimu, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya na matroni wa bweni la wasichana. Tuliachiwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati sementi ina umande na mtu anacheza huku anawaza kama moto wa chai umeshika. Muuguzi wetu mmoja aliteleza akavunjika kidole. Tukaenda kuomba jioni mbili tu kwa wiki.

"Nyie si mna netiboli?" karani akatuuliza, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nilirudi nyumbani nimefura. Kesho yake nilikuwa kwa paroko kabla hajamaliza uji. Paroko alikuwa Mpimbwe mpole asiyependa kesi, na kesi hii akaikata kwa njia aliyoipenda, yaani mechi. Jumamosi, wanawake na wanaume, yeye mwenyewe refa. Tukishinda, Jumanne na Alhamisi jioni zetu. Tukishindwa, hataki kusikia habari hii tena mpaka Pasaka. Na Pasaka ilikuwa imepita wiki mbili tu.

Sasa niwaeleze silaha yetu, maana ilikuwa moja. Chuoni mkufunzi wetu alitufundisha mchezo tuliouita ukuta. Mwenye mpira anadunda kuelekea kwa mwenzake, na mwenzake anasimama imara kwenye njia ya yule adui anayemkaba. Adui akija mbio anakutana na ukuta. Mwenye mpira anapita ukutani karibu karibu, bega kwa bega, yuko huru. Na yule ukuta, akishamzuia adui, anageuka anakimbilia ringi, apewe mpira ikibidi. Ukiuona unadhani ni mambo ya watoto. Ukikabwa nao unatamani kulia.

Mwenye mpira nilikuwa mimi. Ukuta alikuwa matroni.

Matroni alikuwa Msukuma. Ukoo wao ulihama na ng'ombe kutoka kaskazini ukaweka boma Mwamkulu, yeye akabaki mjini kwa ajili ya kazi. Mrefu, mabega mapana, miguu akishaiweka chini haitikisiki. Kasoro yake ni kwamba hakuwahi kufunga hata kikapu kimoja. Mazoezini alikuwa akirusha mpira, tunajificha. "Kazi yangu kusimama, mwalimu," alikuwa akiniambia. "Kufunga fungeni nyie wasomi."

Binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na bwana mifugo wa wilaya, Msukuma mwenzao. Na bwana mifugo ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wanaume wote wa uwanja ule, kwa hiyo siku ya mechi angenikaba mimi. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kutembea vibaya.

Kwao mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hamgusi, haingii nyumba aliyomo, na mama mkwe naye haingii kwake. Hali hiyo inalegezwa na kitenge cha kuondoa haya, ambacho mkwilima anampelekea mama mkwe. Bwana mifugo ng'ombe aliwatoa wote, hata mmoja hakupungua, lakini kitenge kimoja kikamshinda. Kila mwezi ilikuwa mwezi ujao. Akimwona matroni sokoni anakata kona kwenye meza za dagaa, anainama kukagua samaki ambao hana mpango wa kununua. Na binti sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilishamwona matroni akimpitishia ndizi juu ya ua wa michongoma wa nyumba ile, halafu wanasimama kuongea, mmoja ndani mmoja nje. Aliniambia siku moja kwamba anachokiogopa ni uchungu kumshika mtoto wake huku yeye amesimama uani. Nilimwonea huruma kweli. Huruma hiyo haikunizuia kufanya nilichofanya.

Nilijua matroni akisikia kwamba mkwe wake anacheza, hatakuja. Kwa hiyo Alhamisi nikamwambia kwamba bwana mifugo yuko Kasekese anachanja ng'ombe, hatarudi mpaka Jumatatu. Nilisema bila kupepesa macho. Ualimu unasaidia.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa kuzunguka uwanja, akina mama wa sokoni wamekalia madumu, na binti wa matroni naye yupo, amejifunga kitenge kipya juu ya tumbo lake. Wanaume wakaingia, bwana mifugo wa kwanza. Matroni akamtazama, akanitazama mimi, nikaangalia kamba za viatu. Nilitegemea aondoke. Akakaza kilemba chake, akaingia uwanjani.

Mpira wa kwanza nilidunda kuelekea kulia. Bwana mifugo ubavuni pangu, mikono imetanuka. Matroni akaja akajisimika. Bwana mifugo akageuza kichwa, akaona ni nani, akafunga breki kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Akaelekeza uso kwenye ukuta wa kanisa. Mimi nikapita, nikafunga. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akaanza kuangalia mawingu kabla hata matroni hajafika.

"Pita katikati! Mbona unaogopa?" karani akafoka.

"Nipite wapi, yule si mama mkwe wangu!"

Akina mama wa sokoni walipiga vigelegele mpaka paroko akasimamisha mechi kuuliza kuna nini. Katekista akamnong'oneza. Paroko akacheka huku filimbi iko mdomoni, ikatoa mlio wa kuku.

Wanaume hawakuwa wajinga, wakabadilisha. Karani, aliyekuwa anamkaba matroni, akamwacha anirukie mimi, ili bwana mifugo abaki na matroni. Abaki naye vipi? Alisimama mbali naye, amempa mgongo, anamkaba kwa imani. Nikampa matroni mpira, yuko peke yake kama bibi harusi. Akautazama, akaogopa kuurusha, akamsukumia yule muuguzi wa kidole, naye akafunga. Wakabadilisha tena, wakamweka mwenzao wa maabara anikabe mimi, bwana mifugo ahamie kwa mpiga chapa. Na mimi nikampa mpira mpiga chapa, nikamtuma matroni kulekule. Popote alipokwenda yule maskini, mama mkwe wake alimfuata. Mpaka mapumziko tulikuwa na kumi na nne, wao nane.

Nilijisikia mkubwa mno. Nilikunywa maji nikiwatazama wanaume walivyoinamisha vichwa, na nikaanza kupanga nani atabeba mipira Jumanne.

Ndipo nikamwona bwana mifugo anakwenda kwa mke wake. Waliongea kidogo. Binti akaitikia kwa kichwa, akafungua kile kitenge kipya kilichokuwa juu ya gauni lake, akakikunja vizuri. Akavuka uwanja taratibu na tumbo lake, akapiga magoti mbele ya mama yake, akakitoa kwa mikono miwili. Matroni akakipokea, akakipapasa kama anakagua ubora dukani, akakiweka begani. Halafu akasema amepokea, kwa sauti ya kusikika hata upande wa pili. Mkwilima akaja mpaka hatua mbili, akainama, akamsalimia mama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Watu wakashangilia, na hata mimi nilishangilia, halafu nikakumbuka mechi. Silaha yangu ilikuwa imelipiwa kitenge.

Kipindi cha pili kilikuwa adhabu. Bwana mifugo alirudi kunikaba mimi, na sasa alipita. Alikuja moja kwa moja kwenye ukuta, akasema, "Samahani, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, kisha akajipenyeza kwa bega kati yangu na mama mkwe wake. "Bila samahani, mwanangu," matroni akamjibu, na hakusogea, lakini nafasi ndogo ilimtosha. Kila mara samahani, kila mara bila samahani. Wakati huohuo karani alimwacha matroni, akaruka kunizuia kwa mbele. Wanaume wawili juu ya mtu mmoja mfupi. Sikuona ringi, sikuona wenzangu, niliona vifua tu. Niliporwa mpira mara nne. Nilijaribu kurusha kutoka mbali, mpira ukagonga ringi ile iliyoinama ukaenda kwa akina mama wa dagaa. Wakatufikia, ishirini kwa ishirini, na paroko akaonyesha kidole kimoja. Dakika ya mwisho.

Nikamwita matroni tena. Sikuwa na kitu kingine, na hasira ilikuwa imeshanifika kooni. Akaanza kuja. Bwana mifugo akamwona, akakaza bega lake, akavuta pumzi. Karani naye akamwacha, akanirukia kwa mbele kama kawaida.

"Samahani, ma..."

Matroni hakusimama. Alifika pale pa kusimama, akapita. Aliendelea na safari yake kuelekea ringi kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Bwana mifugo akabaki amejikaza kugongana na hewa, karani yuko kwangu, na nyuma yao hakuna mtu hata mmoja. Nikaurusha mpira juu ya vichwa vyao kwa nguvu zangu zote. Matroni akaudaka chini ya ringi, kitenge bado kiko begani.

Nilifumba macho. Nilimjua.

Nilichosikia ni vigelegele. Wanasema mpira ulizunguka juu ya ringi mara mbili, halafu ule mwinamo wa karani ukauvuta ndani. Hicho ndicho kikapu pekee alichowahi kufunga mbele ya macho ya watu.

Nilipomkimbilia kumkumbatia nilikuwa nalia, na nikataka kutubu papo hapo. Nikamwambia nilimdanganya kuhusu Kasekese, nilimtumia, anisamehe.

"Mwalimu," akasema, anajipangusa jasho kwa ncha ya kilemba, "mtoto wangu aliniambia Jumatano kwamba mumewe anacheza. Ulipoanza habari za Kasekese nikasema, basi vizuri, huyu ana lake na mimi nina langu. Mwaka mzima nimengoja kitenge. Nikamwaza yule mkwe, mbele ya wilaya nzima, ataangalia mawingu mpaka lini?"

"Lakini kwa nini hukusimama pale mwisho?" nikamuuliza. "Nilikuita usimame."

"Amelipa ili apite. Nimempa njia."

Jumanne jioni uwanja ulikuwa wetu. Jua zuri, sementi kavu, wanaume wamekaa kwenye ngazi za kanisa wanatutazama kwa uchungu. Tulikuwa sita. Tulingoja, tukangoja, ukuta haukuja. Hasira zangu zikanishika, nikaacha wenzangu wakirusharusha, nikaenda bwenini. Hayupo. Nikafuata njia mpaka kwenye ule ua wa michongoma, nikachungulia kwa juu, nikiwa nimesimama kwa vidole vya miguu.

Alikuwa ndani. Amekaa kwenye kiti cha mbao sebuleni, mlango wazi, kitenge kile kimefungwa kiunoni, miguu ya binti yake iliyovimba iko mapajani mwake anaikanda. Bwana mifugo akapita mbele yake na birika la chai. "Samahani, mayu," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Nilisimama pale nje, nimeshika miiba. Matroni akainua uso akaniona.

"Mwalimu," akaniita, "mbona unasimama uani? Pita ndani."