Mizinga Minne ndani ya Kopo

Nilifundisha kuchora miaka mingi, na nilipostaafu nikashikwa na ugonjwa wa kupaka rangi askari wa bati, kila mmoja hazidi kidole gumba. Padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya aliniachia kopo la maziwa ya unga limejaa askari wa Napoleoni. Mke wangu alisema Goma ina askari wa kutosha, hana haja ya wengine nyumbani. Sikumsikiliza. Nikishika brashi na kutafuta mahali pa kifungo kwenye koti, hata radi na ipige.

Asubuhi moja wanajeshi walizingira mtaa wetu wa Majengo na kupekua nyumba kwa nyumba, wakitafuta silaha. Mke wangu aliniomba nilitupe kopo. Nikamkaripia kwamba ile ni sanaa, si silaha, nikalisukuma chini ya kitanda. Daftari langu la orodha ya askari hao nikalisahau mezani.

Waliingia watatu wenye bunduki. Mkubwa wao akalifungua daftari. Kila kikosi nilikuwa nimekiandika kwa Kifaransa safi cha mwalimu: askari wa miguu ishirini, makoti ya buluu, wapanda farasi kumi, mizinga minne, magurudumu ya kijani.

"Muzee, hizi kanoni ine ziko wapi?"

Nikacheka. Mtutu ukanigusa kifua. Nikaeleza haraka kwamba ni vitu vya kuchezea, nikapiga magoti nilitoe kopo. Chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Nilimgeukia mke wangu.

"Niliitupa mu choo, Papa."

Walitusukuma mpaka uani. Choo chetu hakina kina, maana kuchimba jiwe la volkano si mchezo. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono. Kopo lilikuwa limefunguka. Nikawatoa askari mmoja mmoja, nikiwatia kwenye beseni la maji. Ikatoka mizinga miwili, kisha wa tatu. Mkubwa akasema daftari linataja minne; wa nne usipoonekana, nitaondoka nao. Waliokwenda nao wiki ile hakuna aliyekuwa amerudi.

Mke wangu akakaza kitenge, akalala kando yangu, akazamisha mkono hadi begani. Alipapasa muda mrefu, akisali kwa Kinande, lugha ya kwao. Alipoutoa, mzinga ulikuwa kiganjani. Mkubwa aliugeuzageuza, akatupa daftari chini, wakaenda kwa jirani.

Nami, mpumbavu, neno langu la kwanza lilikuwa kumfokea kwa nini hakukaza kifuniko, ona rangi zote zimeharibika.

Alinitazama, mkono bado unachuruzika.

"Mule ndani mi sikukuwa natafuta kanoni, Papa. Nilikuwa nakutafuta weye."

Nilileta ndoo na sabuni, nikaanza kumwosha ule mkono.