Mfuko na Salamu ya Kuchuchumaa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mama mmoja kutoka kijiji cha Mwazye aliingia kwenye chumba tunamokutana, akachuchumaa kumwamkia mzee wa kikundi chetu, akapiga makofi polepole kama ilivyo desturi ya Ufipa, na mfuko wake ukavuja.

Hakuna aliyeziba pua. Kikundi chetu hapa Sumbawanga ni cha watu ambao utumbo wao umetolewa nje kupitia tundu la tumboni, na choo chao huingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Harufu ile kila mmoja wetu anaijua.

Aliporudi kutoka kujisafisha, macho yalikuwa mekundu. Jumamosi iliyofuata binti yake alikuwa anaolewa.

"Nimeshamwambia mama yake mdogo asimame badala yangu," alisema. "Siwezi kuwachafukia wakwe."

"Mama, usikate tamaa," alisema dereva, mwenzetu aliyewahi kuendesha malori. "Sisi ndio wasafiri bora. Basi likisimama watu wachimbe dawa, sisi tunabaki kwenye viti kama wabunge."

Mama alicheka kidogo. Nikapata nafasi ya kuuliza. Nina tabia ya kutaka kujua jambo linaanzia wapi.

"Jana ulivujia wapi?"

"Sokoni."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasalimiana na shemeji."

"Na kabla ya hapo?"

"Kanisani, nje. Nilikuwa nasalimia wa…" Akamtazama mzee, kisha akatazama sakafu pale alipokuwa amechuchumaa.

Alikuwa akilaumu mifuko, chakula, hata dawa, kumbe ni salamu!

Dereva hakungoja. Alichukua mfuko mpya, akavua shati, akaubandika upande wa tumbo usio na tundu. Akainua ncha ya chini ya mfuko, akamimina maji kupitia mdomo wa kumwagia choo ulio hapo, akaubana. Kisha akaazima kitenge cha mama, akakifunga kwa kukaza, fundo likiwa juu ya mfuko kama mama alivyozoea, ili usionekane.

"Shikamoo, baba!" alisema kwa sauti nyembamba, akachuchumaa na kupiga makofi.

Maji yalimruka mpaka kwenye viatu vya mzee.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee, "lakini nimeshaoga."

Tulicheka mpaka tukashika meza. Halafu tukarudia. Mfuko mwingine, maji kiasi kilekile, ila fundo la kitenge likapanda juu ya kiuno, lisiugandamize mfuko, na safari hii dereva akapiga magoti mgongo ukiwa wima, tumbo lisikunjike. Akapiga makofi. Tukainama wote kutazama. Pakavu! Akarudia kwa nguvu zaidi, huku akitingisha mabega kama mama wa harusi. Pakavu!

Mama hakucheka.

"Nikipiga magoti wima hivyo, wakwe watasema nawaringia."

Mzee alifikiri. "Mimi nimepokea salamu hizo maisha yangu yote," alisema. "Anayepigiwa makofi hatazami tumbo, anasikiliza mikono. Kunja viganja, yatoke mazito, halafu uinamishe kichwa. Haya, nisalimie."

Alipiga magoti. Makofi yalitoka mazito, mzee akafumba macho, akaitikia kwa Kifipa. Kwenye kitenge hapakuwa na kitu. Mama alibaki palepale chini, mikono mdomoni, kisha akaomba simu yangu ampigie binti yake.

"Mwambie mama yako mdogo akae na wageni wengine," alisema. "Nakuja kusimama mwenyewe."

Jumamosi akasimama kweli. Aliwasalimia wakwe wote, wazee kwa vijana, na jioni alitupigia simu huku nyuma yake vigelegele vikimzidi sauti. Tangu tulipoachana alikuwa ametumia mifuko miwili, wakati kwa kawaida yake ingekuwa saba. Mmoja hununua kwa shilingi elfu nane. Wiki ile ya harusi aliokoa shilingi elfu arobaini.