Timu Mbili za Amissi

Amissi alikuwa fundi wa magari, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na tangu vita vianze Burundi alikuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukibamizwa, anaruka. Mkewe, Houda, alizoea kumwambia kwamba ana masikio ya sungura. Nyumba yao ilikuwa Kibenga, upande wa ziwa, na waasi walikuwa milimani hapo juu.

Jirani yao alikuwa Sylvère, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiye na mke. Mmarekani mmoja aliyewahi kupanga kwake alipokimbia nchi alimwachia sanduku la kadi za besiboli na dadu zake. Sylvère hakuwa ameuona mchezo huo hata siku moja. Aliujua kwa kusoma kijitabu cha sheria, kamusi mkononi. Akamfundisha Amissi. Kila kadi ni mchezaji. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo. Unarusha dadu, kisha unatazama tarakimu kwenye kadi: zinakuambia kama aliyepiga amepata mbio, ndiyo pointi, au ametolewa. Lakini dadu si kila kitu. Mwenye timu ndiye anayeamua nani aanze, nani apumzishwe, na mtupaji aliyechoka aondolewe lini.

Hapo kwenye kuamua ndipo Amissi alipokuwa akianguka. Walicheza jioni barazani kwa mwalimu, kabla ya saa ya kufunga milango. Mlio wa bunduki ukisikika mlimani, Amissi anamtoa mtupaji wake. Mwingine ukisikika, anamtoa na wa pili. Mchezo ukifika mwishoni amebaki na wale dhaifu, nao wanapigwa kama ngoma.

"We Amissi, huyu mutu alikuwa bado na nguvu. Umemutoa kwa nini?"

"Niliogopa, mwalimu."

"Mupigaji wangu anayekuja ni muzembe. Angalia kadi yake."

"Sikuangalia kadi. Nilikuwa nasikiliza mulima."

Sylvère hakumcheka. Alimwazima kadi zake aende nazo garaji. Saa za mchana, wenzake wakila, Amissi alikaa kwenye tairi kuukuu akiwasoma watupaji wake kama mtu anayewasoma wakwe: huyu anaanza vizuri anachoka mapema, huyu hawawezi wanaopiga kwa mkono wa kushoto. Polepole akaacha kuwatoa ovyo. Alikuwa bado anafungwa, ila sasa anafungwa kidogo, na Sylvère alianza kufikiri kabla ya kurusha.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwaka 2003, mabomu yakaanguka Kibenga yenyewe. Watu walitoka na magodoro vichwani, barabara nzima ikielekea mjini. Sylvère alimkuta Amissi getini akimfunga mtoto mgongoni mwa Houda, akampa lile sanduku.

"Ubaki nayo. Mi naenda Ruziba kumuchukua mama."

"Ruziba? Mwalimu, huko ndiko wanatokea waasi!"

"Mama hawezi kutembea, Amissi."

Akaenda kusini, peke yake, akipishana na watu wote.

Amissi na familia yake walipokelewa Buyenzi na dada yake, Fatouma. Kila asubuhi alikwenda Rohero, katikati ya mji, kwenye uwanja wa kanisa walikojaa waliokimbia, akiuliza habari za mwalimu mrefu mwenye mama mgonjwa. Hakuna aliyemwona. Mmoja alimjibu kwamba waliobaki Ruziba, Mungu ndiye anayewajua. Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akacheza peke yake, timu yake na timu ya Sylvère.

"Watu wanakufa, we unacheza?" Houda alisema kwa hasira.

"Nikiacha, nitaondoka niende Ruziba."

Houda alivuta mkeka, akaketi karibu naye.

Mwanzoni Amissi aliipendelea timu yake. Kisha akaona haya, akaanza kujiuliza: hapa mwalimu angefanya nini? Ndipo alipoyaelewa mambo ambayo hakuwa ameyaona kwa miezi yote ya kufungwa. Sylvère hakuwa mtu asiyeogopa. Alikuwa akiamua mapema ni kipi yuko tayari kukipoteza, akakiacha kipotee, akalinda kilichobaki. Mkono wa Amissi ulibaki hewani na dadu ndani yake. Kule Ruziba, mwalimu alikuwa tayari kupoteza nini?

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Sylvère alitokea kwa Fatouma akisukuma baiskeli aliyoazimwa njiani. Mama yake alikuwa amefungwa kwa kitenge juu ya keria, yuko hai, macho makavu. Fatouma aliwapa chumba. Sylvère alikula, alilala, hakusimulia kitu. Siku ya tatu akasema, "Lete kadi."

Wakacheza mle chumbani, kando ya kitanda cha mama. Amissi alimwacha mtupaji wake mpaka alipoona kwenye kadi kwamba amefika mwisho, akambadilisha, akamweka wa mkono wa kushoto mahali pake hasa. Akashinda. Ilikuwa mara yake ya kwanza, naye hakuhisi furaha yoyote, kwa sababu Sylvère alikuwa akirusha dadu bila kutazama zilipoangukia.

"Umenifunga," Sylvère alisema.

"Apana, mwalimu. Haukuwa hapa."

Sylvère aliinamisha kichwa. "Adolphe, jirani ya mama. Tulimubeba mama sisi wawili, tukapita kwenye mihogo. Walipopiga risasi akaanguka. Sikuweza kubeba watu wawili, Amissi. Nikamuacha. Alikuwa bado anaita."

Sauti ikatoka kitandani, ya mama mwenyewe: "Muke wake anajua?"

Sylvère alitikisa kichwa. Mke wa Adolphe alikuwa amekimbia siku ya kwanza pamoja na watoto. Huenda alikuwa pale pale Rohero, kwenye uwanja ambao Amissi aliuzunguka akiuliza habari za mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi walikwenda Rohero wote wawili. Njiani Sylvère alisimama mara nyingi, akisema amesahau kitu, kwamba warudi. Amissi alimshika mkono, wakaendelea. Uwanjani moshi wa majiko ulikuwa umetanda. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha sufuria aliinua uso, akamtambua Sylvère, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayekuja. Kisha akaiweka sufuria chini, taratibu, akasimama.